Katibu na Kanda ya Kijivu

Mwalimu Makrina hakuwa mtu wa kupenda ugomvi. Katika miaka sita tangu ahamishiwe Nachingwea kutoka Mahenge, alikuwa amegombana na watu wawili tu: muuza mkaa aliyemletea gunia lenye mawe, na mgeni mmoja wa semina aliyesema hisabati haiwafai wasichana. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa tano, mwaka 1997, alipofungua kinywa na kusema kwamba kanda mpya ya Ruperti ni mbaya, hakujua kabisa kama anaanzisha vita.

Ruperti alikuwa Mjerumani aliyepiga vinanda vya umeme peke yake, bila ngoma, bila gitaa, bila mwimbaji. Jina lake kamili lilikuwa gumu kutamka, na kwa kuwa lilianza na Ruprecht, watu wakalilainisha wakamwita Ruperti, kama mtu aliyebatizwa parokiani. Kanda zake nne za kwanza ziliachwa na Bruda Anselm, fundi mitambo wa misheni, aliporudi kwao mwaka 1991. Alimpa Ladislaus, fundi redio, kwa sababu Ladislaus ndiye mtu pekee aliyewahi kukaa naye karakanani akazisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza kama redio imeharibika.

Kutoka kwa Ladislaus muziki ule ukaenea polepole, kama upele wa shuleni. Mtu alipeleka redio yake kutengenezwa, akaikuta inajaribiwa kwa Ruperti, akarudi kesho yake kuuliza ile ilikuwa nini. Ndivyo alivyonaswa Makrina. Ndivyo alivyonaswa Modest, Mratibu Elimu Kata, mtu mnene mwenye suti ya kaunda na msamiati mwingi. Ndivyo alivyonaswa pia Saleh, mfanyabiashara wa Ruangwa, aliyekuja Nachingwea kufuata vipuri akarudi kwao na nakala nne za kanda. Hatimaye wakawa wapenzi tisa, watano Nachingwea na wanne Ruangwa, na kwa kuwa Watanzania tisa hawawezi kupenda kitu kimoja bila kukitungia katiba, wakaunda Klabu ya Vinanda vya Umeme Nachingwea na Ruangwa, kwa kifupi KVUNARU. Walikuwa na muhuri. Modest alikuwa mwenyekiti. Makrina alikuwa katibu, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka.

Zile kanda nne walizipa majina yao wenyewe: Ya Mvua, Ya Treni, Ya Kijani na Ya Nyuki. Walizijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni kwao gizani. Kwa hiyo kifurushi kutoka Ujerumani kilipofika kwenye sanduku la posta la Ladislaus, ndani mna kanda ya tano na barua ya Bruda Anselm ikisema Ruperti ametoa kazi mpya baada ya kimya cha miaka saba, Modest aliitisha mkutano wa dharura.

Kanda yenyewe ilikuwa na jalada la kijivu, bila picha, bila hata nukta. Wanachama watano wa Nachingwea walijibana karakanani kwa Ladislaus baada ya misa ya pili, mlango ukafungwa ili wateja wasisumbue, na fundi akabonyeza kitufe.

Ilianza na mlio mmoja. Ngwiii. Wakasubiri uende mahali. Haukwenda. Baada ya dakika kumi na moja, ambazo Makrina alizihesabu kwenye saa yake ya mkononi, ukasikika mgongano mdogo, tak, halafu ule mlio ukaendelea. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo tatu zaidi, kama mtu angependa kuziita hivyo. Ulipokwisha, Modest alikuwa bado amefumba macho, na chozi moja lilikuwa limesimama kwenye shavu lake.

"Huu," alisema, "ni ukomavu."

Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema ameona anga. Mwingine alisema amejiona yeye mwenyewe, kwa nyuma. Ladislaus, mtu wa maneno machache, aliitikia kwa kichwa tu na kupangusa kichwa cha redio kwa kitambaa, kazi aliyoifanya kwa heshima kubwa kuliko kawaida. Zamu ikamfikia katibu, ambaye mpaka hapo alikuwa ameinamia daftari la mihutasari akiandika anga na nyuma.

"Mimi naona ni mbaya," alisema Makrina.

Modest akamtaka afafanue.

"Nimesikia jokofu, Mwenyekiti. Jokofu linawaka, jokofu linazima, jokofu linawaka tena."

Ladislaus, ambaye hutengeneza pia majokofu, akasema kwa upole kwamba jokofu zima halitoi sauti ile.

Shida ilianza kwenye muhtasari. Modest aliagiza iandikwe kwamba wanachama wote wameipokea kanda kwa furaha. Makrina akaandika hivyo, kisha akaongeza "isipokuwa katibu". Modest akakataa kutia sahihi. Makrina akakataa kufuta. Muhuri ukabaki mkononi mwa mwenyekiti kwa wiki mbili bila kupigwa popote, na klabu ikakaa bila muhtasari halali kwa mara ya kwanza tangu kuundwa.

Hakuna aliyemkasirikia Makrina, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Walimhurumia. Walimchukulia kama mgonjwa ambaye dawa yake ipo, haijapatikana tu. Modest aliunda kamati ndogo ya kumsaidia katibu, na kamati ikaanza kazi. Jumanne alimjia mwanachama mmoja na redio kaseti yake, akasema tatizo ni kusikiliza umekaa, akamwomba alale sakafuni. Makrina akalala kwenye mkeka, akasikiliza, akaamka na maumivu ya kiuno. Alhamisi akaja mwingine, akasema asikilize kabla ya kula. Makrina akasikiliza akiwa na njaa, na tumbo lake likanguruma vizuri kuliko upande wa kwanza wote. Ladislaus yeye alishikilia jambo moja tu, kwamba spika zao ni ndogo, kwamba ndani ya ule mlio kuna sauti nzito ambazo redio za kawaida hazina uwezo wa kuzitoa. Makrina alimwambia kwamba muziki mzuri haumwombi mtu akanunue samani.

Goreti, muuguzi aliyepanga naye nyumba moja, alivumilia ziara hizo mpaka uvumilivu ukamwisha. Alimwambia Makrina kwamba wodini kwao wanayo mashine inayolia vivyo hivyo usiku kucha, na mpaka leo hajaona mtu akifumba macho mbele yake kwa hiari.

Makrina angeweza kuyamaliza kwa kusema neno moja dogo. Modest mwenyewe alimwendea shuleni, akamsimamisha karibu na bendera, akamshauri kwa sauti ya chini aseme angalau kwamba kanda ni nzuri kiasi. Neno kiasi, alisema Modest, limeokoa ndoa nyingi na vyama vingi. Lakini Makrina alikuwa mwalimu wa hisabati, na jibu la nzuri kiasi hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote. Badala yake alinunua daftari jipya la kurasa sitini na nne, akaisikiliza ile kanda mara kumi na moja, na kila aliposikiliza aliandika makosa. Aligundua kwamba mgongano ule, tak, unatokea mara kumi na tisa, na kwamba mara saba kati ya hizo umechelewa. Aligundua kwamba wimbo wa tatu wa upande wa pili ni kipande cha Ya Treni kilichopunguzwa mwendo. Kufikia mwezi wa sita alikuwa akiijua kanda ya kijivu kuliko mtu yeyote kusini mwa Rufiji, na aliichukia kwa ukamilifu.

Ndipo ikaja barua kutoka Ruangwa. Saleh aliandika kwamba tawi la Ruangwa nalo limepata nakala, limeipenda kwa kauli moja, na limesikitishwa na habari za katibu. Alipendekeza mkutano mkuu wa wanachama wote tisa ufanyike kwenye ghala lake la ufuta, Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Ajenda zilikuwa nne: kufungua mkutano, kusoma muhtasari, suala la katibu, na mengineyo.

Walikwenda kwa pikapu ya mnunuzi mmoja wa ufuta. Makrina alikaa mbele kati ya dereva na Modest, daftari lake mapajani. Nyuma, pamoja na wengine wawili, Ladislaus alikumbatia spika mbili alizozitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga kwa ajili ya siku hiyo, kila moja kubwa kama kabati la vyombo. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Walipofika Ruangwa, Ladislaus alikuwa na rangi ya kanda.

Ghala la Saleh lilikuwa refu, la bati, na magunia ya ufuta yalipangwa pande zote mpaka karibu na dari. Jenereta iliwekwa mbali, nyuma ya nyumba ya jirani, isije ikachanganya watu kuhusu nini ni muziki na nini siyo. Mlangoni alikaa Bi Semeni, dada mkubwa wa Saleh, akipepeta ufuta kwenye ungo. Aliulizwa kama atawapisha, akajibu kwamba ghala ni la mdogo wake lakini ufuta ni wake.

Ajenda ya kwanza na ya pili zilipita haraka, maana hapakuwa na muhtasari halali wa kusoma. Ya tatu ilipofika, Modest akampa katibu nafasi ya kujieleza, kwa dakika kumi.

Makrina alisimama. Alifungua daftari akasoma makosa yote: ile tak iliyochelewa, kipande cha Ya Treni kilichovaa nguo nyingine, dakika kumi na moja za mwanzo. Alisoma vizuri, kwa mpangilio, na akawaigizia jokofu kwa mdomo wake, linawaka na linazima, kiasi kwamba mwanachama mmoja wa Ruangwa aligeuka nyuma kutafuta linakotoka. Kisha akafunga daftari, na maneno ya mwisho aliyasema bila kusoma.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa niliugua malaria, mvua zikafunga barabara, sikuwa namjua mtu. Ladislaus akaniletea redio yangu iliyopona, ndani yake kaacha Ya Mvua. Niliipiga wiki nzima. Sikutaka tena kurudi Mahenge. Msifikiri simpendi Ruperti. Nampenda kuliko ninyi, ndiyo maana siwezi kumdanganya."

Akakaa. Saleh alikohoa. Modest alitazama viatu vyake. Kwa mujibu wa ratiba, sasa kanda ilitakiwa isikilizwe yote, halafu kura za nzuri au mbaya zipigwe kwa siri, kwa sababu Modest alitaka ushindi wa wazi na alijua watu wenye haya hupiga kura vizuri zaidi kwenye karatasi.

Ladislaus akabonyeza kitufe.

Mlio ukaanza, na watu wanane wakasikia jokofu. Hawakuwa na namna. Lilikuwa limeshaingia vichwani mwao, tena linawaka na kuzima kama lilivyoigizwa, na kila ile tak ilipotokea walijikuta wakihesabu kama imechelewa. Modest alifumba macho kama kawaida yake, lakini mara hii kope zilicheza. Ukweli ni kwamba tangu ile Jumapili ya mwezi wa tano alikuwa akilisikia jokofu lile kimyakimya nyumbani kwake, akalipiga vita kwa miezi miwili, na sasa nguvu zilimwishia.

Makrina naye alikaa mkao wa kuteseka, mikono mapajani. Dakika ya tatu alidhani lori linakuja. Akageuka mlangoni, hapakuwa na lori. Ilikuwa ni sakafu. Mlio ulikuwa umeteremka kutoka kwenye yale makabati ya mninga, ukaingia kwenye saruji, ukapanda kwenye nguzo, na bati la dari lilikuwa limeanza kuuitikia kwa sauti yake lenyewe, nyembamba, ya juu. Vumbi la ufuta likaning'inia kwenye mwanga wa mlango likitetemeka. Ndani ya ule mlio mmoja alioujua kwa ukurasa na mstari, alisikia mlio wa pili ukizaliwa, halafu wa tatu, ukipanda taratibu kama mtu anayebeba maji na hataki yamwagike. Na ile tak ilipopigwa kwa kuchelewa, alielewa ni kwa nini imechelewa. Ilikuwa inawasubiri wale wengine wafike.

Alikasirika. Alikasirika sana. Nywele za mikononi zilimsimama, na alizilaza kwa kiganja, zikasimama tena.

Kanda ikaisha. Saleh akagawa vipande vya karatasi. Makrina aliandika neno lake akiwa ameuma meno, akakunja karatasi mara nne, akaitumbukiza kwenye ndoo.

Kwa kuwa wanachama wote walikuwa na upande, kazi ya kuhesabu alipewa Bi Semeni. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, na alisoma kama alivyofundishwa, silabi kwa silabi, bila haraka, akishikilia kila karatasi mbali na macho.

"M-ba-ya," alisoma. Akaiweka chini, akachukua nyingine. "M-ba-ya." Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne alisema huyu mwandiko wake si mzuri lakini naye anasema mbaya. Watu wakaanza kutazamana. Kila mmoja wao alikuwa amepiga kura yake kwa aibu, akidhani ni yeye pekee aliyemsaliti mwenyekiti. Ilipofika ya nane, nayo mbaya, Saleh alikuwa ameanza kutabasamu, na Modest alikuwa anajipepea kwa ajenda.

"N-zu-ri," alisoma Bi Semeni mwishoni, akaikung'uta ile karatasi kama ina mchanga. "Huyu mmoja nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Modest. Saleh akampiga begani kwa upendo, akamwambia mwenyekiti amesimama na msimamo wake kama mwanaume, hakuna wa kumlaumu. Modest akasema si yeye. Wakacheka. Modest akasema, kwa sauti iliyopanda, kwamba yeye ameandika mbaya, kwa kalamu hii hapa, na wapo watakaoutambua mwandiko wake. Wakamwambia kwa upole kwamba haina haja, mkutano umekwisha, hakuna atakayemcheka. Mtu yule mnene alisimama katikati ya ghala na macho yake yakaanza kulowa, na safari hii hayakuwa machozi ya ukomavu.

Makrina angeweza kunyamaza. Ushindi alikuwa nao, kura nane kwa moja, na siri ilikuwa ndani ya ndoo. Lakini hakuweza kumtazama Modest akionewa.

"Ni mimi," alisema. "Ni nzuri. Nimeisikia leo. Nisameheni."

Kwa dakika nzima hakuna aliyemwamini. Bi Semeni akamletea ile karatasi aitambue, na ni kweli, ulikuwa mwandiko ule ule wa mihutasari, ulionyooka, na herufi ya mwisho ina mkia. Ladislaus alisogea kwenye spika zake, akaweka kiganja juu ya mojawapo, na kwa mara ya kwanza katika jambo lile lote akaonekana mwenye furaha. Lakini naye, alipoulizwa, alikiri amepiga kura ya mbaya. Alisema alipokuwa karibu na mashine alishughulika na nyaya, akawa hasikii chochote isipokuwa maneno ya mwalimu.

Basi mengineyo yakachukua saa mbili na nusu. Saleh alitaka kura zirudiwe. Mwanachama mmoja alisema katiba hairuhusu. Mwingine alisema katiba hiyo aliiandika katibu, na katibu sasa hata haieleweki yuko upande gani. Makrina aliomba kanda ipigwe tena, safari hii bila mtu kusema neno kabla, lakini mafuta ya jenereta yalikuwa yameisha. Mwishowe waliazimia jambo moja tu, kwamba Bi Semeni apewe uanachama wa heshima, naye akaukataa. Alisema ameusikia muziki wao mwanzo mpaka mwisho na ameona faida yake: magunia yamejishindilia yenyewe, sasa yanaweza kuongezwa mengine.

Walilala Ruangwa, na asubuhi wakapanda pikapu kurudi. Hata hawajatoka mjini, Modest alimgeukia Makrina, akamwomba kwa adabu daftari lake la kurasa sitini na nne. Alivaa miwani. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kumthibitishia, hoja kwa hoja, kwa nini kanda ile ni mbaya. Makrina akamwambia hoja hizo anazijua, aliziandika yeye, na zote zina kosa moja. Modest akauliza kosa lipi. Makrina akamweleza habari za bati. Modest akasema mtu hawezi kumsifu mwanamuziki wa Ujerumani kwa kazi iliyofanywa na bati la Ruangwa. Makrina akasema hilo bati halikutunga, liliitikia tu, kama waumini wanavyomwitikia padri. Modest akasema sasa anamwingiza padri.

Dereva alivumilia mpaka njia panda ya Likunja. Hapo akasimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa upande wao, akawaambia, "Mwalimu, Mratibu, nawaheshimu sana. Nendeni nyuma."

Wakaenda nyuma. Wakakaa kila mmoja ameegemea spika yake, na daftari katikati yao limeshikiliwa kwa viatu lisipeperuke. Upepo ulichukua nusu ya maneno, kwa hiyo kila hoja ililazimika kusemwa mara mbili. Wale wengine walijifunika khanga na makoti wakajaribu kulala. Vumbi liliwaingia puani, kwenye masikio, kwenye kola ya kaunda. Mwenyekiti alipiga chafya mara sita mfululizo, na Makrina akasubiri kwa heshima mpaka amalize, kisha akaendelea alipoishia.

Walifika Nachingwea saa saba mchana. Gari lilisimama mbele ya karakana. Ladislaus aliwaomba wamsaidie kushusha mizigo, hawakumsikia. Akashusha spika ya kwanza peke yake, akarudi, akamwomba Modest ainuke kidogo, akashusha ya pili. Wale wawili walihamia kwenye ukingo wa pikapu bila kukatisha, maana ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza upande wa kwanza.